Funika Kombe

Mirbat, Agosti. Ukungu umeshuka hadi kizingitini,
dirisha la maabara limelowa kama shavu.
Chupa ya kituo cha nne, maji ya mita kumi:
nimeyatilia iodini, yamekuwa chai ya rangi iliyozimuliwa.
Tone moja kigaeni. Nazuia pumzi. Nashusha jicho.

Hawa hapa.

Mmoja duara, ametobolewa tundu kwa tundu
kama kofia iliyomla mshonaji wake miezi sita.
Mmoja sindano. Wengine mkufu, bega kwa bega.
Wote wa kioo, kioo kisichopita motoni.
Diatomu, nasema peke yangu, na neno halina shangazi
katika Kiswahili cha kwetu; limeingia juzi,
bado limesimama mlangoni na viatu.

Mama hupiga simu kutoka Ruwi baada ya isha.
"Bado unahesabu uchafu wa bahari?"
Mia mbili na kumi na saba, mama,
katika tone lisilojaza ukucha.
"Na mshahara?"
Nyuma ya kicheko chake nasikia kitambaa
kikisugua birika la shaba kwa ule unga mweupe wa kopo.
Siku moja nitamwambia kuwa ni wao hao,
waliokufa kabla dunia haijawa na wa kulia matangani,
wakalala, wakawa ardhi, wakachimbwa, wakatiwa koponi.

Kila mmoja ni kombe na kawa yake.
Akitaka kuwa wawili, hufunguka.
Kawa ya zamani hupata kombe jipya. Sawa.
Lakini kombe la zamani halipati kawa:
hugeuka lenyewe kuwa kawa,
likajijengea kombe dogo zaidi ndani.
Binti mdogo kuliko mama, mjukuu mdogo kuliko binti,
hadi ukoo unakaribia kwisha kwa udogo.
Hapo wawili huvua vioo vyao, wakakutana uchi,
na azaliwaye huvimba mpaka kimo cha bibi wa kwanza.

Nje, upepo unalisukuma tabaka la juu mbali na pwani,
na maji ya chini, baridi, yasiyojua jua,
yanapanda na vioo vya marehemu vilivyoyeyuka.
Walio hai wanavivaa.
Wanakula mwanga. Kati ya pumzi zetu tano,
moja ni deni kwao, na hawajawahi kubisha hodi kudai.

Ukungu ukiondoka, dagaa watakuja kuwala.
Mabkhut bin Amr atawaanika dagaa mchangani
mpaka mji mzima ununuke, nguo hata mito,
na ngamia wake watakula, watoe maziwa
yenye harufu ya mbali ambayo mgeni haitambui.

Mwaka juzi maji ya chini yalichelewa.
Nilihesabu arobaini na moja.
Nikaandika arobaini na moja, nikatia sahihi, nikalala.
Mwezi wa kumi na mbili Mabkhut aliuza majike mawili
akalaumu jicho la jirani,
wakanuniana hadi msikitini, safu mbili tofauti.
Nami nilikuwa na karatasi.
Funika kombe, mwanaharamu apite:
nilifunika. Hakupita mwanaharamu yeyote.
Walipita ngamia wawili, nyuma ya gari, wakitazama walikotoka.

Kwa hiyo leo nimekwenda zizini na koti la maabara,
matope yamenifika vifundoni.
Mia mbili na kumi na saba, nimemwambia
kwa Kiarabu changu cha mjini.
"Mia mbili za nini?"
Vikombe.
Amenitazama, akatazama majike yake. "Vya maziwa?"
Nimefikiri kidogo.
Ndiyo, nikasema. Ila bado havijakamuliwa.